Avata yako ikishambuliwa kwenye VR, umeshambuliwa wewe au kimeguswa kikatuni tu?

Wakuu, tujadili kwa hoja. VR ni ule ulimwengu wa kidijitali unaouingia kwa kuvaa miwani maalum, na avata ndo mwili wako wa kuchorwa humo ndani. Januari 2024 iliripotiwa polisi Uingereza wanachunguza kesi ya binti wa chini ya miaka 16, alikuwa kavaa miwani ya VR, avata yake ikavamiwa na kundi la avata za wanaume ikadhalilishwa kingono. Mwilini hana hata mkwaruzo. Wengi walimjibu kirahisi tu, si angevua miwani!

Mimi nasema hao hawajui ile kitu inavyoushika ubongo. Mwaka 1998 watafiti Botvinick na Cohen walimfichia mtu mkono wake nyuma ya kizuizi, wakamwekea mkono wa mpira mezani, brashi mbili zikawa zinapita kwa pamoja, huku kwa mpira na kule kwa mkono halisi, mtu akaanza kuhisi brashi kwenye mpira. Brashi zikipishana muda tu, hisia inapungua sana. Sasa VR ndo imezidi, ukiinama unaona kifua na miguu, ukiinua mkono na wenyewe unainuka hapohapo. Mwaka 2010 mtafiti Slater na wenzake waliwaweka wanaume wazima kwenye mwili wa binti mdogo ambaye anazabwa vibao, na waliokuwa wanaona kwa macho ya yule binti mapigo ya moyo yalishuka zaidi kuliko walioangalia kwa pembeni, na huko kushuka ndo mwili kuitikia tishio. Na wanajua fika wako maabara! Unavua miwani, sawa, lakini mwili umeshaitikia kitambo.

Bwana Hoja: Mkuu umeeleza vizuri ila sheria hujaigusa. Hata filamu ya kutisha moyo unaruka, tumshtaki aliyeitengeneza? Na kwa mtindo huo kila anayepiga risasi kwenye gemu ni muuaji.

Mtoa mada: Hapana kaka. Kwenye gemu ya kupigana umeingia kama bondia ulingoni, unajua utapigwa. Huyu hakuridhia. Na sijasema adhabu iwe sawa na ya kumshika mtu kimwili, nasema isichukuliwe kama matusi ya kwenye komenti basi.

Mama Wawili: Bwana Hoja nikuulize. Mwaka 2018 kuna watafiti waliwaweka wanaume waliopiga wake zao kwenye mwili wa mwanamke anayefokewa, baada ya hapo wakawa wanaitambua vizuri zaidi hofu kwenye uso wa mwanamke. Hiyo mnaishangilia, mnasema VR inabadilisha watu. Sasa mwili huohuo ukiumiza unageuka kikatuni?

Bwana Hoja: Dada hapo umenibana kidogo 😂 ila bado, kwa nini polisi? Meta, wale wenye Facebook, Februari 2022 waliweka mpaka kwenye Horizon Worlds, ulimwengu wao wa VR, avata ikawa haisogelei nyingine, kama futi 4 hivi. Kampuni zimalizane nalo zenyewe.

Mama Wawili: Mpaka umekuja baada ya wanawake kulalamika kwanza. Na ukiwaachia kampuni, atafungiwa akaunti leo, kesho kafungua nyingine.

Mtoa mada: Shida naiona kwenye ushahidi. Kwenye VR mambo yanapita laivu, kama hakuna aliyerekodi unabaki na maneno yako, na kama kuna kumbukumbu yoyote iko kwenye seva za kampuni. Wanasheria mliomo humu, mtu afungue kesi kwa kushika nini mkononi?