Nimelipia ekzosi nzima ya Hilux, nimefungiwa viraka vilivyopakwa rangi

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira. Wiki tatu zilizopita nilipeleka Hilux yangu ya dizeli, yenye injini ya 3L (hilo ni jina la injini ya Toyota, si lita tatu), katika gereji moja jijini Dar es Salaam ili ibadilishiwe ekzosi yote, yaani mfumo mzima wa bomba la moshi, kuanzia inapoungana na manifodi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) hadi mwisho wa bomba la nyuma. Tulikubaliana shilingi 420,000, pamoja na sailensa mpya, gaskiti, raba za kuning'inizia na ufundi. Nilipoomba risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, nikaambiwa mashine haina mtandao, nipite jioni. Nilipita jioni hiyo na nikapita tena kesho yake, na hadi leo sina risiti. Juzi, nikitoka Kiwangwa na mananasi kupeleka soko la Mabibo, bomba lilikatika kwenye barabara ya Msata–Bagamoyo na moshi ukajaa kabini kiasi kwamba kijana niliyekuwa naye alitapika kabla sijapata mahali pa kuegesha.

Sikatai kwamba ekzosi ya zamani ilikuwa imechoka. Gari hili hulala karibu na bahari, na safari zake nyingi za mjini ni fupi, hivyo sailensa haipati joto la kutosha kukausha maji yanayobaki ndani, na kutu huanza kuila kutoka ndani kabla mtu hajaiona nje. Ndiyo maana niliamua kulipia kazi kamili badala ya kuchomelea tundu moja leo na jingine mwezi ujao.

Fundi wa Bagamoyo aliyelinyanyua gari aliniita niingie chini nijionee mwenyewe. Sailensa niliyouziwa kuwa mpya ilikuwa ile ile ya kwangu, imebandikwa bati ubavuni na kupuliziwa rangi ya fedha. Nilitambua bonde lililobonyea siku nilipogonga jiwe mwaka juzi. Kwenye flanji ya manifodi, yaani kiungio bapa cha bomba, stadi (boliti zisizo na kichwa) mbili kati ya tatu zilikuwa zimekatika wakati wa kufungua, na badala ya kuzitoboa na kuweka nyingine, walikaza nati moja iliyobaki na kuziba nafasi kwa silikoni, kana kwamba hawajui kuwa joto la pale huiunguza silikoni ikawa unga.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni raba. Injini ya dizeli hutikisika, hasa inapowashwa na kuzimwa, na imekalishwa juu ya raba zake ili mtikisiko huo usihamie kwenye chesisi. Ekzosi, kwa kuwa imefungwa kwenye injini, lazima nayo ining'inie kwa raba ili icheze pamoja nayo, na pia ipate nafasi ya kurefuka inapopata moto. Mafundi hawa walizitupa raba, wakachukua vipande vya nondo na kuchomelea bomba moja kwa moja kwenye chesisi. Maana yake ni kwamba kila injini ilipotikisika, upande mmoja wa bomba ulivutwa huku upande mwingine umeshikwa na chuma, na chuma kinachokunjwa hivyo maelfu ya mara kwa siku hakina njia ila kukatika, na kilikatika pale pale karibu na flanji, chini ya miguu ya abiria. Raba zenyewe ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika kazi yote, na nilikuwa nimezilipia. Tena walichomelea bila kuchomoa waya wa betri, na siku ya pili taa ya chaji ikawaka. Fundi umeme alikuta dayodi za alteneta, zinazogeuza umeme wake uweze kuchaji betri, zimeungua, na hiyo ikawa gharama nyingine juu yangu.

Bomba la nyuma nalo waliliishia kabla ya ekseli, labda kwa kuona uvivu wa kulikunja lipite juu yake. Moshi ulikuwa unatokea chini ya bodi, karibu na hozi ya breki, na ukipanda unaingilia dirisha la nyuma la kabini. Kumbe kichwa nilichokuwa nikiumwa kila jioni wiki hizo hakikutokana na jua. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na ndani yake imo pia kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anayekata bomba likaishia chini ya kabini anacheza na uhai wa watu.

Nilipompigia simu mwenye gereji alinijibu, "Mzee, gari lenyewe la zamani, ulitaka ekzosi gani?" Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Injini ya 3L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,779 na haina turbo; hewa inaingia kwa kuvutwa na pistoni peke yake. Ukiifungia bomba jembamba kuliko la kiwandani, kama walivyofanya, moshi unaoshindwa kutoka hubaki ndani ya silinda na kuchukua nafasi ya hewa safi, dizeli haiungui yote, gari linatoa moshi mweusi na kushindwa kilima ambacho lilikuwa likikipanda kwa gia ya nne. Nililiona hilo tangu wiki ya kwanza nikadhani ni nozeli za kupulizia dizeli.

Jumatatu narudi kwenye gereji hiyo nikiwa na sailensa na nondo nyuma ya gari, pamoja na picha zilizopigwa chini ya gari, na ninachodai ni fedha zangu zote, gharama ya alteneta na risiti. Wakikataa, suala la risiti nitalipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato), na suala la kuuziwa kitu cha zamani kwa jina la kipya nitalipeleka Tume ya Ushindani.

Wakati huo huo naomba msaada wa aliyewahi kufanya kazi hii ikakamilika: nani anakunja bomba la unene wa milimita 1.5 kwa kipenyo cha kiwandani cha 3L, na wapi nitapata stadi za manifodi pamoja na nati za shaba, ambazo hazing'ang'anii kwa kutu? Safari hii nitasimama hapo hapo hadi kazi iishe, na vipuri vya zamani nitaondoka navyo.