Mama anakuja Minneapolis, Marekani, Januari, nimtembeze wapi?

Wakuu, habari zenu. Mama yangu anatoka Tanga, ana miaka 67 na goti linamsumbua. Nimepata likizo ya siku nne tu. Baridi hii ya hasi 20 inanitia hofu kwa ajili yake.

MwanaPangani: Usihofu, dada. Katikati ya mji majengo yameunganishwa kwa madaraja ya vioo, ghorofa ya pili, karibu kilomita 15. Mama yangu alizunguka humo na sweta tu, kila penye kiti anapumzika. Nendeni siku za kazi, wikiendi sehemu nyingi hufungwa.

Bi Mwanaidi: Koti zito msimnunulie Tanga. Hapa jimboni Minnesota nguo hazitozwi kodi ya mauzo, na treni ya Blue Line inatoka uwanja wa ndege hadi Mall of America, jengo kubwa la maduka. Buti zizidi namba moja, avae soksi mbili.

MwanaPangani: Halafu mpeleke Karmel Mall, kwenye maduka ya Wasomali. Chai ya maziwa yenye iliki, sambusa, na kina mama wenye mitandio kama yake. Wangu hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Tutaanzia Karmel.