Tupeane uzoefu: dawa za homa ya ini B, maudhi yapi ya kawaida na yapi ya kukimbilia hospitali

Mleta mada, Mbeya mjini
Kamwene wana Iringa na Njombe, habari zenu wa Mbeya, Tukuyu na Songwe. Naomba tukusanye hapa tunayoyajua kuhusu maudhi ya dawa za homa ya ini B, hasa tenofovia, ile ya miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku. Watu wanapewa kopo, kichefuchefu kikianza wanaliweka kabatini. Wenye utaalamu karibuni.

Mfamasia, Mwanjelwa
Ya mwanzoni ni kichefuchefu, kuharisha, gesi, kichwa kuuma na kizunguzungu. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache. Meza baada ya chakula cha usiku, saa ileile kila siku. Ukisahau na hazijapita saa 12, meza mara unapokumbuka. Zikipita, subiri saa yako ya kawaida, usimeze viwili kwa mpigo. Ukitapika kabla ya saa moja kuisha tangu umeze, meza kingine.

Balaa lenyewe ni diklofenaki. Mtu katoka kuvuna viazi, mgongo unamuuma, ananunua diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kutaja dawa anayotumia. Zikikutana na tenofovia zinaziumiza figo kwa pamoja. Afadhali parasetamoli, na mwenye ini lililosinyaa asizidishe gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500.

Mtu wa maabara, Iringa
Nidakie hapo kwenye figo, maana ndipo watu wanapoumia bila kujua. Tenofovia hutolewa mwilini na figo. Kwa baadhi ya watu hujikusanya kwenye vile vijifereji vinavyorudisha sukari, fosfeti na protini kwenye damu. Vikidhurika, vitu hivyo vinapotelea kwenye mkojo, na hakuna maumivu yoyote. Kijiti cha mkojo kikionyesha sukari ilhali sukari ya damu ni ya kawaida, usikimbilie kusema kisukari. Kwa mtu aliye kwenye dawa hii, angalia figo kwanza.

Kreatinini, yaani taka ya misuli inayochujwa na figo, ipimwe kwenye damu kabla ya kuanza dawa, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Wazee na wenye presha au kisukari wapimwe mara nyingi zaidi. Halafu msiridhike na namba ya kreatinini peke yake: mama wa miaka 65 mwenye kilo 45 anaweza kupewa majibu "ya kawaida" kumbe figo zimeshuka, kwa sababu misuli yake ni michache. Daktari akokotoe uchujaji wa figo kwa umri, uzito na jinsia. Ukiwa kati ya mililita 30 na 49 kwa dakika, kidonge humezwa kila baada ya saa 48, au dawa inabadilishwa kabisa.

Fosfeti ikipotea muda mrefu, mifupa hulegea. Maumivu ya nyonga, mbavu au miguu yasiyoisha yasisingiziwe baridi ya Makete.

Mama wa Uyole
Na ile entekavia wanayobadilishiwa wenye figo dhaifu, inamezwa na chakula?

Mfamasia, Mwanjelwa
Hapana mama, tumbo tupu. Saa 2 baada ya kula, na zipite saa 2 nyingine kabla ya kula tena. Nayo hupunguzwa dozi figo zikiwa zimeshuka.

Muuguzi, Njombe
Niongeze la kuacha dawa, maana hilo linaua kuliko maudhi yote yaliyotajwa. Mtu nguvu zimerudi, vipimo vya ini vizuri, anaacha kimyakimya. Virusi vinaongezeka tena, kinga ya mwili inavishambulia humohumo ndani ya ini, na ini lenye makovu linaweza kufeli. Macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo kujaa maji, kuchanganyikiwa: hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo cha VVU kifanyike kabla ya kuanza. Tenofovia peke yake kwa mwenye VVU huzalisha usugu, na aliye kwenye ARV asiongezewe bila daktari, mara nyingi imo tayari ndani ya kidonge chake. Ulanzi na komoni viachwe, ini ndilo linaloumia.

Walio mbali, Ludewa au Makete, warudi kliniki kopo likiwa bado na vidonge vya wiki mbili. Masika gari linaweza kukwama siku kadhaa.