Nachoma testosteroni, mbegu zimesoma sifuri. Hii imekaaje?

Kifua_Chuma:
Wakuu habari za muda huu. Naomba msinicheke maana hapa nilipo sina raha. Nina miaka 31, ndoa ina mwaka wa pili, mtoto hakuna. Mama mkwe kashaanza kuulizauliza na lawama zote anabeba wife kwa sababu kabla ya ndoa alikuwa anachoma sindano ya uzazi wa mpango ile ya miezi mitatu. Wiki iliyopita nikasema isiwe tabu ngoja na mimi nikapime, majibu yakaja hakuna mbegu hata moja. Nikarudia maabara nyingine, sifuri tena.

Sasa kinachonichanganya, mimi niko jim miaka mitatu na tangu mwaka jana nachoma testosteroni, miligramu 250 kila wiki, kuna jamaa pale jim ndo anatuletea. Nguvu ninazo, hamu ninayo kuliko hata zamani. Testosteroni si ndo homoni ya kiume yenyewe? Ikiwa nyingi mbegu si zinatakiwa ziongezeke? Au maabara wananizingua?

Mzee_wa_Pweza:
Mkuu achana na maabara. Supu ya pweza asubuhi, mihogo mibichi na karanga jioni, mwezi mmoja tu shemeji anaanza kutapika 😂 Vumbi la Kongo tu ndo usiguse.

Mtu_wa_Maabara:
Maabara hawajakuzingua, na wala hiyo sio bahati mbaya, hizo sindano zinafanya hivyohivyo. Chukulia nyumba yako ina kisima, pampu na simtanki juu. Tanki likijaa boya linapanda, pampu inajizima. Kwenye mwili pampu ni korodani, boya liko kichwani. Sehemu ya ubongo inaitwa hipothalamasi inatoa homoni ya GnRH kidogokidogo, kama kila saa moja na nusu hivi, inagusa tezi ya pituitari hapo chini yake, pituitari nayo inatuma homoni mbili, LH na FSH, kwenye damu. LH ikifika korodani inaziambia seli za Leydig tengenezeni testosteroni, FSH inaziendea seli za Sertoli ambazo ndo walezi wa mbegu. Testosteroni ikitosha kwenye damu ubongo unapunguza amri.

Wewe umeleta boza la maji kila wiki. Tanki limejaa hadi linamwagika, boya limepanda, pampu kimya. Sasa utasema si maji yapo? Yapo ndiyo, ndo maana kifua kinatuna na hamu ipo. Lakini kitalu cha mbegu hakinyweshwi na tanki, kiko palepale kwenye mdomo wa kisima. Ndani ya korodani testosteroni inatakiwa iwe makumi ya mara zaidi ya ile ya kwenye damu, na hiyo inatoka kwa majirani tu, zile seli za Leydig. Boza halifiki huko hata uchome mara mbili.

Tena hii wataalamu walishaijaribu kama uzazi wa mpango wa wanaume. WHO walitoa matokeo mwaka 1990, wanaume 271 walichomwa miligramu 200 kila wiki na 157 kati yao wakafika sifuri kama wewe. Dozi yako iko juu ya hiyo. Kwa hiyo wewe na shemeji mmekuwa mnapokezana uzazi wa mpango bila kujua.

Mzee_wa_Pweza:
Duh. Ila si nasikia homoni hizi zinatengenezwa na kolesteroli? Basi mayai na pweza si vinasaidia?

Mtu_wa_Maabara:
Zinatengenezwa na kolesteroli kweli, testosteroni, na zile za kike estrojeni na projesteroni, zote. Ila malighafi sio shida, mwili wako unatengeneza kolesteroli yake wenyewe. Kinachokosekana ni amri. Bila LH ile kolesteroli haivushwi kuingia ndani ya mitokondria ambako kazi inaanzia. Kula pweza kwa utamu wake mzee.

Mama_Nahya:
Kaka, kwanza kamuombe radhi mkeo. Hiyo sindano yao ni projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayoiga projesteroni, inanyamazisha ubongo vilevile yai lisipevuke, na baada ya kuacha wengi inachukua miezi kama 10 toka sindano ya mwisho ndo wanashika mimba. Kama aliacha kabla ya ndoa huo muda umeshapita, aache kubeba mzigo usio wake.

Halafu @Mtu_wa_Maabara mbona sisi wanawake tulifundishwa estrojeni ikipanda sana LH nayo inapanda? Hapo boya linakuwaje?

Mtu_wa_Maabara:
Swali zuri dada, hapo ndo mwili wa mwanamke umeuzidi wa mwanaume ujanja. Siku nyingi za mzunguko estrojeni inazuia kama kawaida. Ila kijifuko cha yai kikikomaa estrojeni ikakaa juu kama siku mbili mfululizo, ubongo unageuza, badala ya kuzima unafungulia LH yote kwa mkupuo, na yai linatoka kama saa 36 hivi toka mkupuo uanze. Wanaume hatuna hiyo, kwetu ni kuzima tu.

Nilikuwepo_Huko:
Mkuu nimepita njia hiyo. Mimi mpaka chuchu zilivimba, maana ile testosteroni ya ziada nyingine mwili unaigeuza estrojeni. Nilipoacha miezi mitatu ya kwanza nilikuwa kama gunia, hamu hakuna, hasira juu. Mbegu zilianza kuonekana mwezi wa saba. Usiache kimyakimya, nenda kwa daktari wa uzazi wa wanaume, kuna wanaopewa hCG inayojifanya LH, au klomifeni inayouziba ubongo usiione estrojeni. Usinunue kwa yule jamaa wa jim tafadhali.

Mtu_wa_Maabara:
Naongezea, pima LH na FSH. Zikiwa chini kabisa ni habari njema, maana yake kiwanda kipo ila amri haiji. FSH ikiwa juu na mbegu hakuna, hapo kiwanda chenyewe kina shida.

Kifua_Chuma:
Nimepima leo. Zote mbili ziko chini hadi karatasi imeweka alama ya kushuka. Sindano nimesimamisha, daktari nimepangiwa Alhamisi. Wife nimemwambia kila kitu, kanuna ila kasema tutaenda wote. Nirudie kupima lini, wiki ijayo?

Mtu_wa_Maabara:
Wiki ijayo utajipa presha bure. Mbegu moja inachukua kama siku 74 kutengenezwa na hapo hata amri haijarudi. Daktari ndo atapanga, ila kwa kawaida ni baada ya miezi mitatu, na wengi inarudi ndani ya mwaka, wachache inafika miwili. Ukienda kupima kaa siku mbili hadi saba bila tendo. Na mama mkwe mpigie wewe mwenyewe.