Kipimo cha Huntington kimerudi kawaida lakini dalili zote zipo (Sikonge, Tabora)

TabibuSikonge
Wakuu wa mishipa ya fahamu na vinasaba, habari za jioni. Kuna ukoo huku Sikonge ninaoushuku kuwa na Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi: baba alifariki akiwa na miaka hamsini na kitu, mikono na miguu ikichezacheza bila yeye kutaka, hasira za ghafla, mwisho akawa hata hatambui watu. Sasa kijana wake mwenye miaka 44 yuko hivyohivyo, na shangazi yake pia. Kaswende na VVU hasi, sukari ya kawaida, hakuna aliyewahi kutumia haloperidol (dawa ya magonjwa ya akili, ikitumika muda mrefu inaweza yenyewe kuchezesha mwili). Damu ya kijana ilipimwa HTT, jeni ya Huntington, kuhesabu herufi CAG zinajirudia mara ngapi kwenye kila nakala; majibu: marudio 17 na 17. Ndugu wanasema ni mambo ya ukoo, waende kwa mganga.

Naomba msaada. Je, Huntington imeondoka kabisa? Kuna watafiti wako tayari kuupokea ukoo huu, sampuli zitoke vipi huku hadi Dar? Na mama mmoja anataka mtoto wake wa miaka 15 apimwe.

Kromosomu_ya_Nne
Asante kwa kupima kaswende, VVU na sukari kwanza, wengi hurukia vinasaba.

Hiyo 17 na 17 isikupite hivihivi. Mgonjwa wa Huntington huwa na marudio 40 au zaidi kwenye nakala moja ya jeni (36 hadi 39 anaweza kuugua au asiugue), na nakala nyingine huwa ya kawaida. Maabara ikiona namba moja tu, ama nakala zote mbili kweli zina 17, ama ya pili haikuzaliana kwenye PCR (njia ya maabara ya kuzidisha kipande cha vinasaba ili kisomeke). Haizaliani ikiwa ndefu mno, jambo linalotokea zaidi kwa wanaougua utotoni, au ikiwa praima (kipande kifupi kinachoanzisha PCR) haikushika kwa sababu mfuatano wa hapo una herufi tofauti. Praima nyingi zilitengenezwa kwa kuangalia damu za Wazungu, kwa hiyo hili la pili lisidharauliwe kwetu. Waandikie waulize: mlitumia TP-PCR, ile ambayo praima yake moja hushika ndani ya marudio yenyewe? Kama hapana, warudie.

Ikithibitika ni 17 kweli, omba kipimo cha jeni ya JPH3. Jeni hiyo huleta ugonjwa mwingine, unaitwa Huntington-kama namba 2, ulielezwa mwaka 2001. Jeni yake iko kromosomu ya 16, kwa hiyo kipimo cha HTT hakiwezi kuuona hata kikifanywa mara mia. Kitandani huwezi kuutofautisha na Huntington, na unarithiwa vilevile, nusu kwa nusu kwa kila mtoto. Wagonjwa wake karibu wote duniani ni watu wenye asili ya Afrika, na Afrika Kusini wamepatikana wengi. Marudio 6 hadi 28 ni kawaida, 40 kwenda juu ni ugonjwa. Kwa ukoo wa Tabora, kufunga faili kabla ya JPH3 ni kuwanyima haki yao.

Shangazi naye apimwe. Usiegemee mgonjwa mmoja.

Kifuniko_Zambarau
Nazungumzia sampuli. Chukua tyubu mbili za EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kifuniko cha zambarau, mililita 4 kila moja. Igeuze juu chini taratibu mara 8 hadi 10, usiitikise. Kifuniko cha kijani usikiguse, kina heparini, nayo huzuia PCR na utaambiwa sampuli imefeli. Andika namba ya mgonjwa kwenye tyubu ukiwa bado umesimama mbele yake, maana ndugu wa ukoo mmoja majina yao hufanana na hapo ndipo damu hubadilishana.

Weka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, isigande kwa baridi. Kosa la kawaida kwenye basi ni tyubu kulala juu ya barafu yenyewe: damu inaganda upande mmoja na chembe zinapasuka. Funga tyubu kwa pamba na mfuko usiovuja, kisha tenganisha na barafu kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa. Panga ifike ndani ya siku chache, usitume Ijumaa. Doa la damu kwenye karatasi ni akiba tu, vinasaba vyake mara nyingi huwa vichache na vimekatikakatika.

Ridhaa ziwe mbili, ya matibabu mbali na ya utafiti mbali. Utafiti upite kamati ya maadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na damu ikitoka nje ya nchi kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli. Tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009.

Mshauri_Ujiji
Mtoto wa miaka 15 asiye na dalili hapimwi. Asubiri afike 18 aamue mwenyewe, na akikataa ni haki yake. Ila muulize mama kwa nini ameanza kuwaza. Kama mtoto ameporomoka darasani, anakakamaa au ana degedege, hiyo ni habari nyingine: Huntington ya utotoni hukakamaza zaidi kuliko kuchezesha mwili, na hapo unapima kama mgonjwa.

TabibuSikonge
Nimewaelewa, nashukuru sana. Mama anasema ni hofu tu, shuleni yuko vizuri. Kijana naye amekonda mno, na akinywa maji anapaliwa.

Mshauri_Ujiji
Kule kuchezacheza kunachoma nguvu nyingi, wengine huhitaji hata kilokalori 4,000 kwa siku. Uji mzito wenye karanga na asali, kidogokidogo mara sita, ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo. Maji matupu ndiyo yanayompalia, uyafanye mazito kwa unga uliopikwa. Haloperidol ya kutuliza kuchezacheza anza miligramu 0.5 usiku, tena kama mwili unamwangusha au unamzuia kula. Ukizidisha atakakamaa na kumeza kutakuwa kugumu zaidi.

Muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kwenye magonjwa haya hutokea sana, hasa mtu anapoanza kujigundua. Hapo kwenu watu wanalima tumbaku: waambie ndugu viuatilifu vifungiwe leo, na ufunguo akae nao mtu mwingine.