Wakuu, nimekwama na H wa Line of Duty: ni Hastings kweli au nimeingizwa chaka?

Kidagaa_Mbichi
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wajuvi wa tamthilia za kipolisi. Tuko watu 6, tunaangalia Line of Duty ya BBC sebuleni kwangu kila Jumamosi, sehemu mbili. Tulianza mwezi jana, sasa tumemaliza msimu wa 4. Kuna askari mkubwa anayelinda majambazi, anaitwa H, na kila mtu kwenye kikundi ana wake anayemshuku. Mimi namwona Ted Hastings, bosi mwenyewe wa AC-12, kitengo cha kuchunguza askari wala rushwa. Jina linaanza na H, pesa zinampiga chenga, na ile laptop aliyoiviringisha kwenye nailoni ya mapovu akaenda kuiteketeza, mtu msafi anafanya hivyo?
Swali langu ni moja: dalili kama hizi zinapimwaje, ipi ya kweli na ipi ya kutupoteza? Jumamosi natakiwa kutoa jibu la mwisho. Tafadhali msinitajie mwisho.

Fundi_Antena
Anza na nakala yenyewe. Kama ni ya flashi, imebanwa mpaka MB 150 kwa sehemu, nusu ya dalili hamzioni. Tamthilia hii inaficha vitu kwenye maandishi: ujumbe wa kompyuta, fomu, majina ya mafaili, ubao wenye picha za watuhumiwa. Tafuta nakala safi, na ukifika kwenye skrini ya mhusika simamisha usome herufi kwa herufi. Maandishi ya chini hayatakusaidia hapo, mara nyingi yanabeba maneno yanayosemwa tu. Zile zilizotafsiriwa na madijei ndiyo usiguse kabisa. Dijei anakupa maana, tahajia anaondoka nayo.
Kisha daftari, safu tano: msimu na sehemu, dakika, kilichoonekana, nani ndani ya hadithi amekiona, na maelezo mengine yanayowezekana. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Kamera ikisogelea kitu ambacho hakuna mhusika anayekitazama, hicho umepewa wewe mtazamaji, na cha kupewa bure kitilie shaka. Kilichopita pembeni wakati watu wanagombana juu ya jambo lingine kabisa, hicho kipigie mstari.
Usiruke pia ule muhtasari wa mwanzo. Mhusika ambaye hujamwona misimu miwili akipita humo hata sekunde tatu, jua leo anarudi.

MamaUbuyu
Nipo siti ya mbele na bisi zangu. Ila Kidagaa, "natakiwa kutoa jibu la mwisho", unatakiwa na nani? Tamthilia imeanza lini kudai majibu?

Kisu_Butu
Shida yetu tunadhani kila kioo kimewekwa makusudi. Tamthilia ya Twin Peaks ya 1990: Frank Silva alikuwa mtu wa kupanga vyombo kwenye seti, akaonekana kwenye kioo kwa bahati mbaya wakati wanarekodi. Mwongozaji David Lynch hakufuta, akamgeuza kuwa BOB, adui mkuu. Mashabiki wangeweza kukesha wakiuchambua ule mkao wa kwenye kioo, kumbe mpangaji alikuwa ajali.
Halafu True Detective msimu wa kwanza, 2014. Watu walizama kwenye michoro ya mizunguko na Mfalme wa Njano, wengine wakamshuku hadi Marty, mmoja wa wapelelezi wenyewe. Muuaji alikuwa ameshaonekana tangu sehemu ya 3, kakaa juu ya mashine ya kukata majani, anaongea na Rust, mpelelezi mwenzake Marty, vizuri tu.

Kidagaa_Mbichi
Asante Fundi, daftari nimeanza. Kisu, hayo ya Marekani tuyaweke pembeni, mimi nauliza Hastings.
MamaUbuyu, ni utaratibu wetu wa ndani tu, hauna uzito.

MamaUbuyu
Usio na uzito ndio uliokufungulisha uzi usiku huu? Sema.

Kidagaa_Mbichi
Haya. Kila mmoja ametoa 20,000. Atakayemtaja H anabeba zote 120,000. Mwisho wa kuchagua ni Jumamosi kabla ya kuanza msimu wa 5. Fedha ziko kwenye simu yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekabidhiwa. Si kamari, ni kuchangamsha genge. Mke wangu yuko na Hilton, kigogo wa polisi, shemeji kamchukua Buckells, bosi wa upelelezi, kwa utani, eti mtu mvivu vile lazima ana mshahara wa pembeni. Waliobaki wako na mabosi wa makao makuu.

Ustaadh_wa_Temeke
Kijana, mali ya watu sita ikikusanywa kwa kubahatisha, jina lake unalijua. Usilipake rangi. Kamari ni kamari hata ikichezewa sebuleni na juisi mezani.

Kisu_Butu
Ustaadh, Waingereza waliweka dau hadi kwa nani aliyempiga JR wa tamthilia ya Dallas. Alipigwa risasi Machi 1980, jibu likatoka Novemba mwaka huo huo. Watengenezaji walirekodi watu mbalimbali wakimfyatulia ili hata mafundi wa seti wasijue. Dau la nani muuaji lina umri kuliko nusu ya waliomo humu.

RimotiYaBaba
Samahani wakuu, naomba turudi kwenye uzi wa mtoa mada, kuna sehemu haikai.
Moja: laptop ya Hastings ni ya msimu wa 5. Msimu wa 4 ni wa Roz Huntley, askari anayechunguzwa na AC-12, unaishia kwa Hilton kukutwa amekufa. Laptop humo haimo. Umeionaje?
Mbili: msimu wa 1 una sehemu 5, wa 2, wa 3 na wa 4 kila mmoja 6. Jumla 23. Kwa sehemu mbili kila Jumamosi mnahitaji Jumamosi 12. Wewe umeanza mwezi jana. Mna Jumamosi ngapi huko kwenu?

MamaUbuyu
Chai hiyo! Tena ya tangawizi! Msimu wa 6 umeisha 2021, watu sita wote wana simu mkononi na hakuna aliyegugo? Mtoa mada kashamaliza tamthilia yote, anatafuta wachangiaji tu.

Bin_Saidi
Nilianza kunusa chai pale "fedha ziko kwenye simu yangu". Mods, uzi uende jukwaa la hadithi.

Kidagaa_Mbichi
Si chai. Sikukuu tulikuwa tunakata msimu mzima kwa siku moja, ndiyo maana hesabu ya Rimoti haiwezi kukaa. Kugugo tulikubaliana marufuku, na kila mtu anamlinda mwenzake.

RimotiYaBaba
Sawa, hesabu umeijibu. Laptop je?

Kidagaa_Mbichi
Nimetangulia kidogo. Niliangalia msimu wa 5 peke yangu, usiku, nimebakiza sehemu ya mwisho tu. Lakini kujiandaa si kuiba. Kila mmoja angeweza kufanya hivyo, hakuna kifungu kinachokataza kuangalia mbele, kilichokatazwa ni kugugo. Na bora niliangalia, maana humo ndimo nilipopata uhakika: bahasha ya paundi 50,000 imekutwa kwenye chumba chake cha hoteli, na kwenye ujumbe kaandika *definately*, kosa lile lile analofanya H. Mmeshaona mkosaji anajisaini hivyo? Mimi jibu langu karibu nimeshalipitisha, nilitaka tu mnipe namna ya kulitetea mbele ya kikundi.

Bin_Saidi
Kwa hiyo mtunza hela, mchagua jibu na mchungulia mtihani ni mtu mmoja. Huyu ndiye H.

Ustaadh_wa_Temeke
Sasa nimepata la kusema, ila bora ninyamaze.

Fundi_Antena
Tuache utani, hoja yake ya tahajia ipimwe kama inavyopimwa.
Kosa la uandishi lina uzito likiwa la nadra. *Definately* si la nadra, Waingereza wengi huliandika hivyo. Ni kama umkamate mtu kwa kuandika "alafu", utajaza basi zima la Mbagala. Kosa la kawaida linapunguza orodha tu, jina halikupi. Ili likupe jina unahitaji maandishi mengine ya mtu huyo, aliyoyaandika kabla hajajua anachunguzwa, yenye kosa hilo hilo. Umeyaona ya Hastings? Huna hata moja. Una ujumbe aliouandika akiwa anajifanya H mbele ya majambazi, na anayemuigiza mtu huiga mpaka makosa yake, la sivyo anashtukiwa dakika ya kwanza.
Sasa rudi kwenye daftari. Laptop kwenye nailoni: kamera imekaa juu yake, muziki chini, Hastings anageuka nyuma. Bahasha: kamera juu yake. Vyote umesogezewa mpaka puani. Hadithi yenye sehemu moja bado mkononi haikukabidhi mtu wake hivyo.

Kidagaa_Mbichi
Na herufi H? Dot Cottan, askari msaliti wa AC-12, alikuwa anakufa, mpelelezi Kate Fleming anamtajia herufi, akaitikia kwenye H. Hilo nalo ni la kamera?

Fundi_Antena
Umebakiza sehemu moja na ndiyo inayokujibu hilo. Kwa vile umeshachungulia zilizobaki, sioni cha kukulinda. Wanairudia ile video ya Dot. Miaka yote walikuwa wanamtazama macho, safari hii wanatazama mkono. Vidole vinagonga nukta nne. Kwenye alfabeti ya Morse nukta nne ni H. Hakuwa anataja jina la mtu, alikuwa anataja idadi: askari wa aina yake wako wanne. Dot mwenyewe, Hilton, mwanasheria Gill Biggeloe, na wa nne asiyejulikana.
Ndiyo maana dalili ya jina kuanza na H haikuwa na thamani tangu mwanzo. Ilikuwa inawafunga Hastings, Hilton na Huntley kwa pamoja. Dalili inayomfaa kila mtu haimfai yeyote.

Kisu_Butu
Na wa nne ni Buckells. Msimu wa 6. Kula chuma hicho.

MamaUbuyu
Kisu!!! Kaomba asitajiwe!

Kisu_Butu
Aliyetangulia msimu mzima usiku wa manane hana haki ya kulindwa na mwisho. Na ndivyo walivyomkamata: ile tahajia ilitafutwa kwenye maandishi yake ya zamani ikakutwa. Yupo tangu msimu wa kwanza, 2012, kila mtu anamwona bosi asiyejua kazi. Uingereza watu milioni 12.8 waliangalia ile sehemu ya mwisho, Mei 2, 2021, na wengi waliondoka wamenuna kwa sababu walitaka kigogo.

RimotiYaBaba
Na kabla ya hapo walipewa picha ya James Nesbitt ukutani, mtu anaitwa Thurwell. Watazamaji wakasema mwigizaji mkubwa vile haletwi bure, ndiye huyo. Ikawa picha tu, hakutokea hata akasema neno. Wanaoandika hizi wanajua tunawasoma waigizaji, kwa hiyo ule ujanja wa "tafuta mwenye jina kubwa kwenye kipande kidogo" tusiutegemee tena.

Kidagaa_Mbichi
Buckells? Yule yule wa shemeji? Haiwezekani. Kamchagua kwa utani, hana hata daftari.

Bin_Saidi
120,000 za utani hizo. Mpe mtu hela yake.

Ustaadh_wa_Temeke
Asimpe yeyote. Arudishe 20,000 kwa kila mtu leo hii, na awaambie amechungulia. Dau limekufa siku mtunza hela alipoona karatasi.

Fundi_Antena
Naungana na Ustaadh, ingawa kwa sababu za kiufundi. Ukimbadili Hastings kwa Buckells Jumamosi, wewe na shemeji mnagawana na kila mtu atauliza umeyatoa wapi. Ukibaki na Hastings huku unajua, umetupa yako. Rudisha. Kama genge linataka kuchangamka, chezeni kwa sehemu na si kwa tamthilia: kila mtu aandike kabla ya kuanza nani atahojiwa kwenye kile chumba cha vioo cha AC-12 leo, karatasi zikunjwe, zifunguliwe mlio mrefu wa rekoda ya mahojiano ukilia. Hela zishikwe na asiyecheza.

Kidagaa_Mbichi
Nimewasikia. Hela nitarudisha, maelezo nitatafuta ya kuwapa. Ila kuhusu Hastings bado sijaridhika. Paundi 50,000 zimefikaje chumbani kwake? Hilo mmelikwepa wote.

RimotiYaBaba
Hatujalikwepa. Zilitoka kwa Moffatt, yule askari mstaafu aliyekuja na maneno ya biashara. Kosa la Hastings ni kuzipokea na kukaa nazo kimya, na Carmichael, mpelelezi anayemchunguza, hatamuachia hilo kwenye mahojiano. Unapoangalia hiyo sehemu iliyobaki, sikiliza Moffatt anasema alimpa kiasi gani, halafu linganisha na kilichokutwa hotelini. Tofauti yake iandike kwenye safu ya tano. Jibu liko msimu wa 6, nyumbani kwa mjane wa Corbett, yule askari aliyejipenyeza kwa majambazi.

MamaUbuyu
Na wewe Rimoti umetaja mwisho.