Lugha yangu ya kubuni haizeeki, nifanyeje?

Mwana wa Wete: Assalaam alaykum wanajamvi. Naandika hadithi ya visiwa vya kubuni, Ngova, na wenyeji wake nimewatungia lugha yao, Kingova. Daftari limeshafika maneno mia nne na kitu, nayakusanya tangu niko skuli. Juzi nilimsomea dada yangu pale mtoto wa mvuvi anapokuta jiwe la kaburi la miaka 600. Limeandikwa "Nasola tolimo", yaani narudi baharini. Mtoto anaelewa papo hapo. Dada akaniuliza, "Miaka yote hiyo, haijabadilika hata herufi?" Nikakosa la kusema. Nitaipaje historia bila kuanza upya?

Bi Kae: Wa alaykum salaam mwanangu. Usifute kitu. Hayo uliyonayo yawe ndiyo Kingova cha kale, kisha uteremke nayo. Chagua badiliko moja la sauti ulipitishe kila mahali. Kiswahili kimeangusha L nyingi katikati ya irabu: Wakikuyu husema "njira" (R yao hapo ndiyo L ya zamani), sisi "njia". Lakini tazama, mtoto analia, na mama yake anamlilia. L iliyopotea imerudi! Ukiweka alama kama hizo, lugha yako itaonekana imeishi. Halafu visiwa visibadilike sawa. Sisi njia, macho, mchele. Mombasa ndia, mato, mtele. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wametoa kamusi za Kimakunduchi, Kipemba na Kitumbatu, zitafute ukae nazo.

Nahodha Mkoani: Hao Wangova wanafanya biashara na nani? Maneno huja na majahazi. "Meza" tumeachiwa na Wareno, na Wareno wenyewe walitolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Na neno likishuka bandarini huvishwa nguo za wenyeji: "kitabu" ni la Kiarabu, ila wazee wetu waliposikia "ki" wakaifanya yao, wakasema "vitabu". Wape Wangova neno la kigeni walilolikosea hivyo, wakalipenda.

Msomaji Chake: Tolkien, mtunzi wa The Lord of the Rings, naye lugha zake za kubuni, Quenya na Sindarin, alizitoa kwenye shina moja, ya kwanza ikiwa na ladha ya Kifini, ya pili ya Kiwelisi. Lakini ndugu yangu, msomaji hasomi kanuni, anasoma tukio. Mimi ningeanza na jiwe. Mtoto asielewe!

Mwana wa Wete: Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Jana usiku nimeangusha L. Jiwe limebaki "Nasola tolimo", ila mvuvi wa leo anasema "nasoa toimo". Mtoto analisoma jiwe kwa sauti mara tatu, hapati kitu. Bibi yake yuko pembeni anaparura samaki, kisu kinasimama. "Hiyo tolimo naijua," anasema. "Imo kwenye wimbo niliokuwa nikikubembelezea."

Bi Kae: Hapo hapo. Usiguse tena.